Herufi moja imenitoa kwenye usaili wa uuguzi

Mhariri,

Naandika barua hii nikiwa sijatua uchovu wa safari. Juzi nimerudi kutoka kwenye usaili wa ajira za kada ya afya, na usaili wenyewe sikuufanya. Nilitolewa kwenye foleni ya uhakiki wa vyeti, kabla sijaulizwa hata swali moja la uuguzi, kwa sababu ya herufi "i".

Baba yangu anaitwa Ramadhani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cha kidato cha nne kinasema Ramadhani, kitambulisho cha Taifa vilevile. Chuoni waliandika Ramadhan, na leseni yangu ya uuguzi na ukunga ikafuata cheti cha chuo. Kwa miaka yote niliyochoma sindano na kupokea watoto hakuna mgonjwa aliyeniuliza "i" imekwenda wapi.

Tangazo lilitaka tufike saa moja asubuhi na vyeti halisi, na kila msailiwa ajigharamie usafiri, chakula na malazi. Nikakopa kwenye kikoba chetu laki moja na nusu. Nikapanda basi la alfajiri, nikafika jioni, nikalala chumba kimoja na binti niliyekutana naye stendi, naye muuguzi, ili tugawane gharama. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mstarini, mamia ya watu, bahasha kifuani. Zamu yangu ilifika saa saba mchana. Kijana aliyekuwa anahakiki alivipanga vyeti vyangu mezani, akavitazama kimoja kimoja, akasema, "Mama, majina hayalingani. Lete hati ya kubadili jina."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sijabadili jina. Baba yangu ni yuleyule."

Nilikuwa na kiapo nilichoapa mbele ya wakili, kina muhuri, kinaeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Hakukisoma. Akasema kiapo hakipokelewi, nikae pembeni nipishe wengine. Nikakaa pembeni. Nikaomba kuonana na mkubwa wake, nikaambiwa mkubwa yuko kwenye kikao. Saa kumi na nusu wakafunga, na yule binti wa stendi ndiye aliyenishika mkono kunitoa pale, maana miguu ilikuwa haina nguvu.

Hati wanayoitaka inaandikwa na wakili kwa malipo, kisha inapelekwa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Si karatasi ya kupata kwa siku moja mtu akiwa mkoa wa ugenini, amebakiwa na nauli tu. Hata ningeipata, ingetamka kwamba nimeacha jina moja na kuchukua jingine, jambo ambalo sijalifanya.

Naelewa ukali huu ulikotoka. Aprili 2017, iliposomwa taarifa ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Niliona haki imetendeka kwa sisi tuliosoma kwa jasho letu. Lakini anayeghushi cheti huhakikisha kwanza kwamba kila herufi imekaa mahali pake. Mwenye herufi iliyopungua mara nyingi ni mtoto wa mkulima, ambaye jina lake limeandikwa na karani huyu na karani yule, kila mmoja kwa sikio lake.

Kinachonichoma zaidi ni umri. Tangazo linataka mwombaji asiyezidi miaka 45. Mimi miezi miwili ijayo natimiza 46. Kwa hiyo walioniambia "utaomba tena awamu ijayo" hawakuangalia hata cheti cha kuzaliwa kilichokuwa mbele yao. Kwangu awamu ijayo haipo.

Na miaka hiyo imekwenda wapi? Nilimaliza stashahada mwaka 2015, nikiwa mtu mzima, kwa sababu nilitangulia kusomesha wadogo zangu. Juni 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi. Sikukaa nyumbani kusubiri. Mwishoni mwa mwaka huo nikaandika barua ya kujitolea kwenye zahanati ya serikali iliyo karibu na kwetu, nikapokelewa kwa furaha, maana walikuwa wawili tu kwa vijiji vitatu. Niko hapo mpaka leo. Posho ninayopewa, ikipatikana, ni shilingi laki moja kwa mwezi. Kuna miezi minne mfululizo haikupatikana.

Kwa laki hiyo nafanya kazi yote ya muuguzi. Nafungua kliniki ya wajawazito, nachanja watoto, naamka usiku jokofu la chanjo likizima. Siku za kliniki ya mkoba napanda bodaboda na boksi la chanjo mapajani hadi vitongoji vya mlimani. Mwezi uliopita nilikuwa peke yangu zamu ya usiku akaletwa mama wa uzao wa sita, kondo la nyuma limegoma kutoka na damu inamwagika. Nilimchoma oksitosini, nikalitoa, nikamkandamiza tumbo mpaka mji wa mimba ukakaza, tochi ya simu ikishikwa na mama mkwe wake. Yuko hai, na mtoto ananyonya.

Yote hayo yameandikwa. Kila mtoto niliyempokea yuko kwenye kitabu cha MTUHA namba 12, na jina langu limo kama mzalishaji. Ni vitabu vya serikali yenyewe, na takwimu zake zinapanda wilayani kila mwezi. Lakini kwenye sifa za mwombaji hapakuwa na mahali pa kujaza kazi hiyo. Miaka niliyoutumikia umma bila mshahara haikuhesabiwa popote, isipokuwa kwenye umri wangu, na huko imehesabiwa yote ili kunitoa.

Hesabu ya 45 nadhani naijua. Mtumishi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Sitini toa kumi na tano. Sawa. Kama shida ni pensheni, nipeni mkataba wa miaka mitatu mitatu bila hiyo pensheni. Au anayejitolea aanze kuchangiwa, hata kwa kiasi kidogo, tangu siku halmashauri inapompokea. Kama miaka 46 ni uzee wa kupima mapigo ya moyo ya mtoto tumboni, mbona keshokutwa usiku nimepangiwa zamu?

Nimejaribu na mlango mwingine. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanamume, jumla 137,294 nchi nzima, kwa mafunzo ya miezi sita. Ni mpango mzuri, nauunga mkono kwa moyo wote, kwani muuguzi hawezi kufika kila kaya. Ulipofika kwetu nikaenda kwa mtendaji nikasema niandikeni, hawa mama nawajua kwa majina na nyumba zao. Akanijibu, "Dada, wewe umesoma sana, nafasi hizi si zako." Huku nimezidi elimu, kule nimezidi umri. Na watakaochaguliwa, nani atawaonyesha namna ya kumtambua mjamzito mwenye dalili za hatari? Ni mimi, kwa laki moja ileile.

Hapo ndipo hasira inaponipeleka kwa wanasiasa, na mnisamehe. Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Ukomo wa juu wa umri haupo. Watu wa miaka 70 wanatutungia sheria, na sioni ubaya, kama akili na nguvu wanazo. Ila hao hao, kila kampeni, hutusimamisha sisi wauguzi mbele ya wananchi, wakatushika mabega na kuahidi ajira za afya. Mmoja alifanya hivyo kwenye uwanja wa zahanati yetu, nikiwa nimevaa sare niliyoinunua mwenyewe. Hajarudi.

Ombi langu kwa wahusika wa ajira ni mambo matatu, na wanijibu kupitia ukurasa huu. Kiapo cha wakili kipokelewe pale tofauti inapokuwa ya herufi na namba ya usajili ni ileile. Aliyejitolea kwenye kituo cha umma, mwenye leseni hai na barua ya mganga mfawidhi, miaka yake ya kujitolea iondolewe kwenye ule ukomo wa 45. Na kabla ya kumtoa mtu aliyesafiri siku nzima, mhakiki asome karatasi zote alizoletewa.

Mkopo wa kikoba naanza kuulipa Jumamosi.

Muuguzi Mkunga,
Mkoani Morogoro.