AFYA KATIKA JAMAA: Je, Mshipa wa Fahamu Uliokatika Huota Tena?

Askari aliyejeruhiwa mkono huweza kurudi nyumbani jeraha limepona, lakini vidole havitambui moto wala baridi. Jamaa hustaajabu: ngozi imeziba, mfupa umeunga, mbona mkono umelala? Wako wanaokata tamaa, na wako wanaomdhania kuwa mvivu. Jibu limo katika tabia ya seli za fahamu.

Seli za ngozi hugawanyika siku zote, moja ikawa mbili, na hivyo kidonda hujazwa. Seli za fahamu sivyo zilivyo. Ubongo wa mtu mzima unazo kiasi cha bilioni 86, nazo zikisha kukomaa hazigawanyiki tena. Inayokufa haiachi mtoto.

Hata hivyo, kutozaa si kutoota. Kila seli ya fahamu ina uzi wake; nyuzi ziendazo miguuni huanzia mgongoni na hufikia urefu wa karibu meta moja. Mwaka 1850 daktari Augustus Waller wa Uingereza alieleza kwamba aliikata mishipa ya fahamu ya ulimi wa chura, akaona sehemu iliyotengwa na seli yake ikiharibika. Sehemu iliyobaki na seli huweza kuchipua, kama kisiki ambacho mizizi yake ingali hai.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari Herbert Seddon wa Uingereza aliwatibu majeruhi wengi wa namna hii, na mwaka 1943 akayagawa majeraha yao katika aina 3. Ya kwanza, mshipa umebanwa tu: nguvu hurudi baada ya majuma au miezi michache. Ya pili, nyuzi zimekatika lakini ala yake ni nzima: huota zenyewe. Ya tatu, mshipa wote umekatika: hapo yampasa daktari mpasuaji aushone, na kuchelewa ni hasara, maana msuli uliokosa fahamu hunyauka.

Uzi huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, yapata sentimeta 40, ni siku 400, yaani zaidi ya mwaka. Muda huo wote mgonjwa na avinyoshe viungo kama alivyofundishwa hospitalini, visije vikakakamaa. Nyumbani aepushwe na sufuria ya moto na maji yachemkayo, kwa kuwa ataungua asijue. Na kila jioni mkono ukaguliwe. Pengine fahamu haitarudi yote, lakini kidogo kinachorudi ni faida kubwa.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mambo ni magumu zaidi. Huko kovu na utando unaozifunika nyuzi huzuia kuota. Mwaka 1998 wataalamu wa Sweden na Marekani, wakiwemo Peter Eriksson na Fred Gage, walitangaza dalili za seli mpya katika sehemu ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu. Tangu mwaka 2018 wengine wamelipinga jambo hilo, na mabishano yanaendelea. Lakini hata wanaoliunga mkono hawasemi kwamba seli hizo zaweza kumwinua aliyepooza.

Kwa hiyo aliyeanguka kutoka juu ya lori, au aliyegongwa barabarani, asikamatwe mikono na miguu akatupwa garini. Ikiwa hapana moto wala hatari nyingine, aachwe alipo mpaka waje wenye ujuzi. Ikilazimu kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja. Naye apandaye pikipiki avae kofia ngumu, hata kama safari ni ya sokoni tu.

Mkono uliolala wahitaji subira ya jamaa nzima. Kichwa na mgongo vyahitaji hadhari kabla ya ajali.