Udongo wa Chai Usitibiwe kwa Kubahatisha

Mchai ni mmea wenye tabia ya pekee. Mimea mingi hudhoofika katika udongo wenye asidi nyingi, lakini mchai husitawi humo, hasa pale kipimo cha pH kinapokuwa kati ya 4.5 na 5.5. Katika udongo wa namna hiyo aluminiamu huyeyuka na kufyonzwa na mizizi. Mchai huihifadhi majanini bila kudhurika, na pamoja nayo huhifadhi floridi. Kadiri jani linavyozeeka ndivyo akiba hiyo inavyozidi. Ndiyo maana chai ya matofali, itengenezwayo kwa majani yaliyokomaa, imewadhuru meno na mifupa watu wa Tibet na Mongolia ya Ndani wainywao kwa wingi.

Katika Afrika ya Mashariki huchumwa majani mawili na chipukizi, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo. Hata hivyo, liko jambo jingine la kuangaliwa. Mbolea zenye ammonia hubadilishwa na bakteria kuwa naitreti, na katika mabadiliko hayo asidi huzaliwa. Kipimo cha pH kikishuka kutoka 5 hadi 4, asidi huwa imeongezeka mara kumi. Hapo ndipo risasi na kadimi, ambazo huweza kuletwa na vumbi la barabara, moshi wa viwanda au mbolea za fosfeti, zinapobanduka katika chembe za udongo na kuifikia mizizi.

Tiba zinazotajwa ni tatu. Chokaa hupunguza asidi, na kalisi yake huungana na floridi kuwa kitu kisichoyeyuka kwa urahisi. Mboji hushika metali. Mkaa wa mimea uliosagwa nao hushika metali katika vinyweleo vyake. Majaribio yaliyofanywa China yameonyesha kwamba chokaa huweza kupunguza risasi katika majani ya chai.

Kosa ni kuyachukua matokeo hayo kuwa ruhusa ya kumwaga chokaa shambani. Kipimo kikipita 6, mchai wenyewe huanza kuugua. Katika mashamba ya Kericho hujulikana kwamba mahali palipokuwa na nyumba zamani, ambapo jivu la jikoni lilitupwa kwa miaka mingi, chai hukua kwa shida. Mboji iliyotokana na takataka za mjini nayo huweza kuleta risasi ile ile inayokimbiwa. Tena yafaa ikumbukwe kwamba tiba hizi haziiondoi metali, huifunga tu. Asidi ikirudi, metali hufunguka tena.

Kwa hiyo kupima udongo hakuna budi kutangulie kila tiba, na kurudiwe baadaye. Lakini ni nani alipie? Mkulima mdogo hulipwa kwa kilo za majani mabichi, na mizani haimtofautishi aliyeutunza udongo wake na asiyeutunza. Si haki kumtaka abebe peke yake gharama ya usafi ambao humnufaisha mwenye kiwanda, mnunuzi na mnywaji. Viwanda vinavyopokea majani yake vingefaa kuchukua sehemu ya gharama hiyo, kwa kuwa shehena ikikataliwa sokoni hasara ni ya wote.

Shule za sekondari zilizo katika wilaya za chai nazo zina nafasi yao. Udongo uliokaushwa, maji yaliyokenekwa na karatasi za kupimia pH vyatosha kumwonyesha mwanafunzi tofauti kati ya shamba lililotiwa mbolea ya ammonia kwa miaka mingi na msitu ulio jirani. Risasi na kadimi huhitaji maabara kubwa zaidi. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuupima udongo wa kwao ataweza kumwuliza mzazi wake, kabla mfuko wa chokaa haujafunguliwa, kipimo cha shamba ni kiasi gani.