Sura Zetu Katika Picha

Tangu simu zenye kamera ziingie majumbani mwetu, kila mama amekuwa mpiga picha. Mtoto akipata kipaimara, binti akivishwa pete, bibi akitimiza miaka 80, picha huwa zimewafikia ndugu walioko Mwanza, Mombasa na hata Ujerumani kabla pilau haijapakuliwa. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tukizitazama picha hizo tunaona gauni linang'aa, ukuta unang'aa, na uso wa mwenye sherehe ni giza tupu. Meno yanaonekana, macho hayaonekani.

Hapo ndipo hutafutwa dawa ya haraka, yaani filta ya kung'arisha. Kwa mguso mmoja wa kidole bibi arusi anapata rangi ambayo hata mama yake mzazi haijui.

Akina mama wenzetu, mguso huo tusiuone mdogo, maana mabinti zetu wanatutazama. Msichana wa miaka 12 anayeona kwamba mama hatumi picha yoyote kundini mpaka aipaushe kwanza, hahitaji kuambiwa neno. Ameshaelewa kuwa rangi yake ni kosa la kusahihishwa. Na kutoka kwenye filta hadi kwenye kopo la mkorogo si safari ndefu.

Basi tujue kosa liko wapi. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hutaka jumla yake iwe ya wastani, kama rangi ya kijivu. Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera huona mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ukuta hutulia, na uso mweusi huzama gizani. Simu za siku hizi hujaribu kuutambua uso, lakini penye mwanga mkali nyuma nyingi bado hushindwa.

Tena kuna historia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili mafundi walinganishe rangi kwa ngozi yake. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa nzuri. Wanaosimulia habari za kampuni hiyo wanasema filamu ilianza kurekebishwa baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi za bidhaa zao hazikutofautiana vyema katika picha. Chokoleti ilisikilizwa mapema kuliko watu! Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google nao walitoa simu ya Pixel 6 wakisema kamera yake imetengenezwa ionyeshe ngozi nyeusi kama ilivyo. Kwa hiyo uso ukitoka giza pichani, usimlaumu aliyepigwa.

Dawa yenyewe haina gharama. Mgeuze mtu atazame mwanga, usiwe mgongoni kwake. Barazani penye kivuli, uso ukielekea uani, ni mahali pazuri kuliko studio nyingi tulizozijua. Jua la saa sita liogopeni, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta hukaa utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, ngozi nyeusi hupata mng'ao wa dhahabu ambao filta haiwezi kuuiga.

Kisha gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi hutokea alama ndogo ya jua. Ipandishe taratibu hadi macho yaonekane. Ukuta ukipauka, na upauke, hatukuja kupiga picha ya ukuta. Ni afadhali pia kumsogeza mtu kwenye mlango wa mbao, au mbele ya majani ya mgomba.

Na turubai la sherehe! Likiwa la buluu, wote walio chini yake hutoka buluu kama wagonjwa. Watoe maharusi nje kidogo, hatua tano zatosha. Lenzi nayo ifute kwa ncha ya khanga safi, maana simu inayoshinda jikoni hukusanya mafuta, na mafuta hutia ukungu katika kila picha.

Limebaki jambo ambalo wengi hawalijui. Simu nyingine hulainisha na kung'arisha uso zenyewe, hasa kwa kamera ya mbele, kabla hujaziomba. Fungua kamera, tafuta sehemu ya urembo, na ushushe kipimo hadi sifuri. Piga picha moja kabla ya kukishusha na nyingine baada yake, mahali palepale penye kivuli. Ziweke pamoja, umwite binti azitazame, umwulize ni ipi inayofanana na mama.