Hiyo Imeandikwa Wapi?

Wasee wa Kiwanjani, kuna kitu kinanikera na lazima niseme.

Juzi nikiwa kanisani, mheshimiwa aliingia akiwa amechelewa. Mahubiri yakasimama, akapewa maiki, akatoa bahasha. Makofi yakashinda hata amina za siku hiyo yote. Nikataka kuongea, mamangu akanikata jicho. Nikanyamaza.

Na nyinyi marafiki zangu wa msikitini msicheke. Ramadhani huwa anawaletea mchele na tende.

Sasa sikizeni. Mwaka wa 1517 mtawa Mjerumani, Martin Luther, aliandika hoja 95. Alikuwa anapinga nini? Watu kuuziwa vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, na sehemu ya hizo pesa ikienda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Bahasha haijaanza jana.

Lakini mimi naona moto wenyewe uliwaka 1522, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani cha watu wa kawaida. Ukishazoea kumuuliza kasisi "hiyo imeandikwa wapi?", siku moja utamuuliza mfalme pia.

Si hivyo ndivyo tulifanya 2024? Mswada wa Fedha ulikuja kwa Kiingereza kigumu, vijana wakaueleza kwa lugha za nyumbani, kwa simu tu. Mimi niliacha chuo, lakini nilikaa na nyanya jirani nikamweleza ushuru wa mkate mpaka akaelewa. Juni 25 watu wakajaa barabarani, na kuna wenye hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatausaini.

Kuna mtu ataniambia tungoje wachungaji watuongoze. Apana. Huyo huyo Luther, wakulima walipoinuka 1525, aliwaambia watawala wawaue. Alifungua mlango, kisha akaogopa wenye waliingia.

Sisemi wote ni waoga. Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alisimama kwenye mimbari Nairobi akasema tawala za chama kimoja hazina maisha, wakati wengi walikuwa wananong'ona tu. Mwaka wa 1999 alipigwa vibaya nje ya Bunge akidai katiba mpya. Hiyo katiba ndiyo tuko nayo tangu 2010, na kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Soma mwenyewe, usisubiri kusomewa.

Jumapili ijayo bahasha ikitoka, mimi nitauliza: pesa hii imetoka wapi, na imeandikwa wapi? Mama, nisamehe mapema.