Ilmu Si Ujira wa Damu

Sisi tushikao mizani twajua kuwa mizani haijui jamaa. Mwaka 1944 Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani. Hata ilipofika 1956, yapata milioni 2.2 walikwisha kuingia vyuo vikuu. Mwaka 2013 Rais Obama akatangaza dola milioni 100 za kuuchunguza ubongo wa binaadamu, na vyuo vikuu vikapata fungu lao. Yote mawili ni mema. Lakini twauliza: hazina iwezayo kugharimia siri za ubongo, yawaje imwache mtoto wa maskini achague baina ya bunduki na deni? Naye ana ubongo. Ilmu ni haki, si ujira wa damu.