Kipya Kinyemi, Lakini Kimechosha

Sisi watu wa pwani twapenda kuwacheka wenzetu wa bara kwa simu zao. Mmoja wetu akifika Kitale au Bungoma, akamkuta mkulima mwenye ghala limejaa mahindi, na mkononi ameshika simu ya vibonye, ile iitwayo mulika mwizi, husema: huyu bado yuko nyuma. Mimi nasema hayuko nyuma. Alikwenda mbele pamoja na wenzake, akafika alikotaka, akatua mzigo.

Tukumbuke. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, watu wa Bungoma hawakungoja kubembelezwa. Mwana aliyekuwa kibarua Nairobi au Mombasa aliweza kumpelekea mamake fedha bila ya kumkabidhi utingo wa basi bahasha kisha akakaa akimwomba Mungu ifike. Simu ikawa ya kusema, ya kuandikiana na ya kuwekea akiba. Chaji yake hukaa siku kadha, na kurunzi yake yatosha kuendea zizini usiku. Upya huo ulikuwa na maana, nao hufanya kazi katika simu ya bei ndogo kabisa.

Na vilivyofuata? Kamera tatu badala ya mbili, kioo kikubwa kipasukacho kikianguka, na betri iliyofungiwa ndani usiweze kuitoa mwenyewe. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: ulitanguliza shilingi 1,000, kisha ukawa walipa 20 kila siku, na usipolipa simu ilifungwa. Shilingi 20 si kitu, utaambiwa. Kwa miezi minne ni 2,400, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku uliteremshwa hadi 2,500 mwaka 2023. Katika Trans Nzoia, mvua za masika zikikaribia, mwenye shamba ajua ashike kipi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee wetu. Methali hii twaitoa upesi kwenye habari za ndoa. Kwenye habari za simu twaisahau, na kijana wa Mombasa hukopa apate ya kuonyesha harusini.

Lakini liko jambo linanikera. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika mtandao wa eCitizen. Aliyetosheka na simu yake ndogo sasa apanda matatu hadi mjini, amlipe kijana wa kompyuta amjazie fomu, na amtajie neno lake la siri huku waliopanga foleni wakisikia. Huyu alikataa anasa, hakukataa cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Wakubwa wanaopanga mambo haya waitazame M-Pesa: iliwafikia watu kwa njia ya vibonye. Basi kila huduma nayo ipitie huko, na dirisha la karani lisifungwe.