Daftari Moja Lataka Sheria Moja

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuna ugomvi na usemi huo. Serikali isiyojua nani amezaliwa na nani amefariki haiwezi kugawa dawa, shule wala kura kwa haki. Lakini yatupasa kuuliza swali jingine: daftari lenyewe likiandikwa vibaya, au likishikwa na mkono usiowajibika kwa yeyote, ni nani atakayelisahihisha?

Twauliza kwa sababu tumeonja. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza wazee wetu walivalishwa kipande shingoni, ili mkoloni amfuatilie Mwafrika kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine. Mwaka 1992, katika uchaguzi wa kwanza baada ya kifungu cha 2A kufutwa, vijana wengi waliotimiza miaka 18 hawakupiga kura kwa kuwa hawakuwa na kitambulisho. Hawakupigwa rungu wala kutiwa kizuizini. Kukosa karatasi kulitosha.

Leo karatasi imegeuka kompyuta, na idara za serikali zataka kompyuta zao zisomane: usajili wa vizazi na vifo, vitambulisho, ushuru, afya, elimu, uchaguzi. Twakiri kwamba idara zisiposomana mwananchi huumia. Mwaka 2017 kampuni ya KPMG ilipokagua daftari la wapiga kura, ilikadiria kwamba marehemu zaidi ya milioni 1 wangali wameandikwa humo. Kumbukumbu za vifo zilikuwako, lakini hazikutosha kuwaondoa: vifo vingi havikuandikishwa, na vingine viliandikwa bila nambari ya kitambulisho au kwa majina yasiyolingana. Marehemu walibaki daftarini, na imani ya walio hai katika kura ikapungua.

Lakini idara zikisomana bila sheria, madhara yaweza kuwa makubwa zaidi. Tuwatazame ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki. Wakati wa ukame, familia za Wakenya karibu na kambi za Dadaab ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Mtoto alichukuliwa alama za vidole bila kujua maana yake. Miaka ikapita, akatimiza 18, akaenda kuomba kitambulisho. Mashine ikalinganisha vidole na kumtangaza mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka mingi, bila kitambulisho, bila kazi ya halali, bila kura, katika nchi waliyozaliwa. Mashine haikukosea vidole. Lililokosekana ni afisa aliyelazimishwa na sheria kumsikiliza yule kijana, na siku ya mwisho ya kumjibu.

Mahakama Kuu ilikwisha kuliona jambo hili. Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, majaji watatu waliamua kwamba mfumo huo usiendelee mpaka uwe na kanuni kamili, na wakakataza kukusanywa kwa DNA. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi za mfumo huo zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa faragha ya watu hazikutathminiwa kwanza, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba. Jina lilibadilika, swali letu halikubadilika.

Wengi wetu tumeona daftari la pamoja likiendeshwa vyema, nalo liko parokiani. Mkatoliki aliyebatizwa Kisumu akifunga ndoa Mombasa, paroko wa Mombasa hupeleka taarifa Kisumu, nayo huandikwa kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kitabu kina mlinzi mmoja anayejulikana. Parokia nyingine hupeleka taarifa. Hazijitengenezei ubatizo wao. Dola lenye mitambo ya mabilioni lingeweza kujifunza kwa paroko mwenye kalamu.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, kila taarifa iwe na idara moja inayoilinda na kuwajibika kwayo. Kifo kiandikwe na msajili wa vifo, na wengine wote wachukue kwake. Pili, majina na tarehe ziandikwe kwa utaratibu mmoja kila mahali, utaratibu unaoheshimu majina ya watu wetu wote, awe mwana wa fulani, binti fulani au mwenye jina moja tu. Tatu, idara isifungue taarifa za idara nyingine bila ruhusa ya sheria, na kila anayefungua aache alama: ni nani, lini na kwa nini, naye mwananchi awe na haki ya kuisoma alama hiyo. Nne, kosa likisahihishwa mahali pamoja lisahihike pote, ndani ya siku zilizowekwa; na mpaka hapo mtu asinyimwe tiba, shule wala kura kwa sababu ya kosa la karani.

Hatuombi hisani. Kifungu cha 31 cha Katiba chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya 2019 yampa mwananchi haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe. Haki isiyodaiwa hulala. Basi kila kundi la haki na amani parokiani, kila jumuiya ndogo ndogo, kila kamati ya msikiti na ya mtaa, iwasaidie watu wake kukagua majina na tarehe zao wakati ungalipo, kuandika madai kwa barua, kutunza nakala, na kumfikishia Kamishna wa Data malalamiko idara inaponyamaza.

Tulipigania vyama vingi ili mamlaka yasikae katika mkono mmoja bila wa kuuliza. Daftari la taifa ni mamlaka pia. Tuliulizie.